Kurekodi nyimbo za mjomba nyumbani: shajara ya kutafuta programu inayomfaa

2 Machi

Naanza kuandika kila hatua maana nimeshaanza kusahau wiki iliyopita nilijaribu nini na kwa nini nilikiacha. Mradi wenyewe ni huu. Mjomba wangu alipiga gitaa la rizim kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro miaka ya sabini mpaka katikati ya themanini, sasa hivi ana miaka 74, vidole bado vinakimbia, sauti ipo, na ana nyimbo sita alizotunga mwenyewe ambazo hazijawahi kurekodiwa studio wala redioni. Zipo kichwani kwake na kwenye kaunta buku moja lililochakaa, basi. Mji huu ndio wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, hao walirekodiwa na mpaka leo tunawasikia, ila nikiwaza wangapi walipiga dansi kwenye kumbi zilezile wakaondoka bila hata wimbo mmoja kubaki naumia kweli. Sitaki mjomba awe mmoja wao.

Mwezi uliopita tulienda studio moja hapa mjini. Vijana wakarimu, vifaa vizuri. Shida ilianza pale prodyuza alipomvalisha mzee hedifoni akamwambia afuate kliki, ule mlio wa kompyuta wa kuhesabia mapigo. Sasa nyimbo zake zinaanza taratibu, waimbaji wanamaliza beti, halafu mwendo unapanda kidogo kidogo mpaka mkifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, huo umeshakuwa wimbo mwingine kabisa, na kliki haipandi. Alianza mara tatu, mara tatu akaweka gitaa chini. Kwenye daladala tunarudi akaniambia, "Mjomba, yule kijana fundi, ila anataka nipige wimbo wake, sio wangu." Hapo ndipo nilipoamua tutarekodi nyumbani.

4 Machi

Nilichonacho: kompyuta ya mezani ya familia, prosesa Core i3 ya zamani, RAM 4GB, hard disk ya 500GB ile inayozunguka, Windows 10. Watoto wanaitumia kwa masomo na mama watoto anaprinti kadi za michango humo, kwa hiyo sio mashine ya kuchezea hovyo. Intafesi, yaani kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, nimepata Kariakoo mtumba, Focusrite Scarlett 2i2, ina matundu mawili ya kuingizia sauti, yote yanapokea maiki au gitaa. Maiki mbili za kuimbia, stendi moja, nyingine naazima kanisani. Bajeti ya programu nimeweka laki mbili mwisho, ikipungua bora zaidi.

Nikahesabu treki, yaani mistari ya sauti inayorekodiwa kila mmoja peke yake, kwa wimbo mmoja. Rizim, solo, solo la pili, besi, tumba mbili, drams nikibana sana maiki mbili, sauti kuu, waitikiaji watatu, saksafoni. Hizo 13, na lazima kuwe na treki ya mwongozo atakayopiga mjomba mwanzoni ili wengine wamfuate. Tuseme 14. Na nyimbo za dansi hazina dakika tatu jamani, wimbo mfupi kuliko wote kwenye lile buku una dakika sita na nusu.

Kwa hiyo ninachotaka kwenye programu sio ngoma za kielektroniki wala vinanda vya kompyuta. Nataka irekodi sauti ya mtu halisi kwa muda mrefu bila kuyumba kwenye RAM ya 4GB, isinilazimishe kliki, inipe treki za kutosha, na nikiacha kulipia kitu nyimbo zisifungiwe ndani.

5 Machi

Kila kijana niliyemuuliza kajibu neno moja, FL, yaani FL Studio. Namaanisha kila mmoja. Na nawaelewa, Bongo Fleva kwa sehemu kubwa imejengwa humo, ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, ukishanunua unapewa matoleo mapya maisha yako yote, na kwa kutengeneza biti sijaona kitu chepesi kama ile. Unabofya vimraba, kiki hapa, sneya pale, ndani ya dakika kumi una kitu kinacheza.

Ila angalia mantiki yake. Kila kitu kinaanzia kwenye vile vimraba, yaani mwendo uupange kwanza ndio muziki uje. Kwa mjomba ni kinyume, muziki unakuja na mwendo wake. Halafu toleo lao la bei ya chini nilipoliangalia halikuruhusu kurekodi sauti wala kuweka klipu za sauti, mpaka uende toleo la Producer ambalo bei yake iliipita bajeti yangu. La majaribio linakuruhusu kusevu ila huwezi kuifungua tena kazi yako mpaka ununue. Sasa mimi na mzee tunarekodi Jumamosi kwa Jumamosi, nitaachaje kompyuta imewaka wiki nzima?

Jamaa mmoja wa stationari akanipa suluhisho, "nakuwekea ya krak, elfu tano". Nilikataa. Miaka miwili iliyopita niliweka programu ya namna hiyo kwa ajili ya kuediti video, virusi vikafunga picha zote za harusi ya dada yangu, hatujazipata mpaka leo. Siwezi kuweka nyimbo pekee za mzee kwenye mashine yenye hatari hiyo.

8 Machi

LMMS, ya bure, nyepesi, nikafurahi dakika ishirini. Nikatafuta kitufe cha kurekodi maiki sikukiona, kumbe toleo nililoweka halirekodi sauti kutoka nje kabisa, ni la kupanga biti tu. Nimeitoa.

Jioni nikaweka Audacity. Hii nilishawahi kuitumia kukata mahubiri, naijua. Bure kabisa, ipo tangu mwaka 2000, na kwenye kompyuta yangu inafunguka haraka. Nikachomeka gitaa, nikabonyeza kitufe chekundu, ikarekodi. Hakuna kliki, hakuna vimraba, ni mstari wa sauti unatembea. Nikasema tumemaliza.

Nikarekodi rizim, nikaongeza treki ya pili nipige besi juu yake. Kusikiliza, besi inachelewa. Sio sana, ila ile kuchelewa ambayo mpiga dansi anaisikia hata akiwa chumba cha pili. Nikafuatilia nikaelewa, sauti ikiingia kwenye kompyuta inapita kwenye foleni kabla ya kuandikwa, na Audacity inajaribu kuirudisha nyuma kwa kadirio, kwangu lilikuwa limewekwa milisekunde 130. Hilo ni kadirio tu, kila mashine ina lake. Kulipata la kwako unatengeneza treki ya kliki, unachukua waya mfupi unatoa sauti kwenye tundu la kutokea la intafesi unairudisha kwenye tundu la kuingilia, unairekodi ile kliki, halafu unakuza picha unapima umbali kati ya kliki ya asili na ile iliyorekodiwa. Nilifanya hivyo, nikabadilisha namba, ikakaa sawa kabisa.

Kwa hiyo sio kwamba Audacity haiwezi. Kilichonishinda ni kingine, Audacity niliyopakua haitumii ASIO, ambayo ndiyo njia ya mkato ya sauti kwenye Windows, kwa hiyo mjomba akitaka kujisikia kwenye hedifoni kupitia kompyuta anajisikia nyuma. Na mjomba anataka kujisikia na mwangwi kidogo akiimba, ameshaniambia, sauti kavu inamfanya alazimishe koo.

9 Machi

Pamoja na hayo Audacity imebaki kwenye kompyuta na itabaki, kwa sababu ya kaseti. Kumbe mjomba alikuwa na kaseti moja ya mazoezi ya bendi, imerekodiwa na redio ndogo imewekwa juu ya meza, na nyimbo mbili kati ya zile sita zimo. Sauti mbovu lakini mpangilio wote unausikia, nani anaingia wapi, solo linaanza baada ya kiitikio cha ngapi. Nikatoa waya kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti nikaingiza kwenye intafesi, nikarekodi pande zote mbili.

Mzee akachukua gitaa apige pamoja nayo akumbuke, haviendani. Nikapima kwa tyuna ya simu, kaseti ipo juu kwa senti 40, yaani karibu nusu ya nusu toni. Yeye alitaka akaze nyuzi zote zipande, nikamwomba asubiri. Kuna sehemu ya kubadilisha mwendo na sauti kwa pamoja, nikaishusha kaseti asilimia 2.3, ikashuka ikakutana na gitaa lake. Alinyamaza, akapiga wimbo mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho na wenzake wa mwaka ule. Wawili kati yao wameshafariki. Shangazi alisimama mlangoni na bakuli la mchele mkononi mpaka wimbo ukaisha.

Siku hiyo hatukufanya kitu kingine.

14 Machi

Nimejaribu tatu kwa siku mbili, naandika kwa kifupi.

Pro Tools, lile toleo la bure linaloitwa Intro. Jina kubwa, ila linaishia treki 8 za sauti, na mimi nina 14. Nje.

Cakewalk. Hii imeniumiza kuiacha maana ni programu kamili, treki hazina kikomo, inapokea ASIO. Kwenye RAM ya 4GB ilifunguka kwa shida, nikiweka mwangwi kwenye treki mbili sauti inaanza kukwaruza. Na historia yake imenifundisha kitu, mwaka 2017 mwezi wa kumi na moja kampuni ya Gibson iliyokuwa inaimiliki ilitangaza kuacha kuitengeneza, watu wenye kazi zao za miaka mingi ndani wakabaki wanashangaa, mpaka Februari 2018 BandLab ya Singapore ilipoichukua na kuigawa bure. Waliokolewa, sawa, lakini nilijiuliza mimi ningeokolewa na nani.

Waveform Free, nzuri, treki nyingi tu, ila mpangilio wa kioo chake sikuuelewa nikaona nitapoteza mwezi kujifunza. Mwingine ataipenda, simkatazi mtu.

GarageBand wengi wameniambia na ni kweli ni nzuri, lakini ni ya kompyuta na simu za Apple tu na sisi hatuna.

17 Machi

Ardour. Hii nilitaka sana iwe ndiyo. Ni programu huria, alianzisha Paul Davis, na imetengenezwa hasa kwa ajili ya kazi kama yangu, kurekodi watu wanaopiga vyombo. Nikaweka Linux kwenye flashi nikawasha kompyuta kutoka humo bila kugusa Windows ya watoto. Intafesi ikatambulika yenyewe bila draiva, Ardour ikafunguka, na kompyuta ikawa nyepesi kuliko ninavyoijua.

Kwa nini nimeiacha basi? Sababu sio ya programu. Ili nifanye kazi vizuri inabidi Linux ikae ndani ya diski moja kwa moja, na mama watoto ana printa ambayo niliihangaikia siku nzima kwenye Linux haikukubali. Kadi za michango ndizo zinalipa umeme wa hii kompyuta. Kama ingekuwa mashine yangu peke yangu ningesimama hapahapa na stori ingeishia leo. Mwenye kompyuta ya zamani inayokaa bure aanze na Ardour, nasema kwa moyo wote.

22 Machi

Reaper. Nilikuwa naisikia ila sikuichukulia uzito kwa sababu hakuna prodyuza yeyote hapa mtaani anayeitumia. Inatengenezwa na kampuni ndogo ya Cockos, ya Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, na waliokuwa wanapiga miziki kwenye kompyuta za intaneti kafe wanaikumbuka Winamp. Faili la kuinstoli halifiki MB 20. Nilidhani limekatika njiani nikalipakua mara mbili.

Unapewa siku 60 kuijaribu ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60, leseni moja ya toleo la 7 inafika mpaka 8.99. Dola 60 ni kama laki moja na nusu na kidogo, ipo ndani ya bajeti. Niliweka alama kwenye kalenda, siku ya 60 ni tarehe 21 Mei.

Nikaweka draiva ya ASIO ya intafesi, nikafanya tena ule mzunguko wa waya mfupi. Juu kulia programu yenyewe inakuonyesha sauti inachelewa milisekunde ngapi. Hapa nataka nieleze vizuri maana hiki ndicho kilinichanganya wiki nzima. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, inajaza ndoo kwanza halafu inaimimina, hiyo ndoo ndiyo bafa. Ukirekodi kwa vipimo 48,000 kwa sekunde na ndoo ya vipimo 1024, kuijaza tu ni milisekunde 21, na sauti inaingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo kwa hiyo ni zaidi ya 42. Sauti hewani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, maana yake ni sawa na mjomba apige gitaa hapa na ampu iwekwe mita 14 kutoka alipo. Nani anapiga hivyo? Ukishusha ndoo mpaka 128 inakuwa milisekunde 5 na kitu kwenda na kurudi, ampu imesogea, haifiki mita mbili kutoka alipo. Ila ndoo ndogo inaitesa prosesa, ikishindwa kuwahi unasikia mikwaruzo.

Kwenye Reaper na i3 yangu, 128 ilikaa, na mwangwi mmoja kwenye sauti ya kuimba, bila mkwaruzo. Nilirudia mara nne kuhakikisha.

29 Machi

Siku ya kwanza na mjomba. Amefika saa mbili asubuhi na shati limepigwa pasi, shikamoo mjomba, marahaba, chai hataki, tuanze.

Kabla ya kuanza tulipambana na mvumo, ule wa mmmm wa umeme wa hezi 50 kwenye gitaa. Nikazima taa ya tyubu ya sebuleni ukapungua nusu, nikamhamisha mzee akae mbali na kompyuta na ageuke upande mwingine ukaisha karibu wote.

Kwenye Reaper nimefanya mambo mawili ambayo naona ndiyo yaliyoamua. Kwanza nimezima kliki na mistari ya vipimo kwenye kioo. Pili, kwenye mipangilio ya mradi kuna sehemu inauliza vipande vya sauti vishikiliwe na mapigo au na saa, nimechagua saa. Ukiacha kwenye mapigo halafu baadaye ukabadilisha mwendo wa mradi, vipande vyote vinahama. Ukiweka saa, kilichopigwa dakika ya pili na sekunde kumi kinakaa palepale daima.

Nikafungua treki mbili, gitaa na sauti, nikapunguza geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mpaka akipiga kwa nguvu zote inafika kama desibeli minasi 10, nikamwambia mjomba piga kama upo ukumbini. Akaniuliza, "Nihesabu?" Nikamwambia hesabu mwenyewe. Akagonga mguu mara nne, akaingia.

Dakika saba na sekunde ishirini na mbili. Mwanzo taratibu, chemko limepanda kama linavyotakiwa, hakusimama. Nilikaa nimeshika meza.

Mara ya pili mvua ikaanza. Masika yameingia na nyumba ni ya mabati, basi. Tukasubiri, haikukatika, mzee akala ugali kwa maharage akaondoka na mwavuli wangu.

6 Aprili

Umeme umekatika katikati ya kurekodi, wimbo wa pili, alikuwa dakika ya tano. Kompyuta ya mezani haina betri, kioo cheusi. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Umeme uliporudi saa kumi nikafungua folda ya mradi, lile faili la WAV lipo. Reaper ilikuwa inaliandika kwenye diski muda wote anapopiga, haikusubiri nibonyeze sevu. Nikaliburuta ndani likacheza mpaka sekunde chache kabla ya giza. Tulianzia pale, akapiga mwisho wake upya kwenye treki ya chini, nikaunganisha kwenye nafasi kati ya sauti na gitaa. Mzee mwenyewe alipoulizwa ni sehemu gani hakuitambua.

Hata hivyo nimeomba UPS ya kuazima ofisini kwa rafiki, kwa Jumamosi tu. Inashika dakika nane, inatosha kumaliza wimbo na kuzima.

13 Aprili

Besi amepiga kijana wa mtaa wa pili, anapiga kanisani. Alikuja na wasiwasi kwamba bila kliki atashikilia nini, nikamwambia shikilia mguu wa mzee, unasikika kwenye maiki ya kuimbia. Na kweli anausikia, ile treki ya mwongozo ina mguu ndani yake, unagonga sakafu ya saruji, na kila aliyekuja baada ya hapo ameufuata huo. Tumba pia. Sikupanga hivyo, nilikuwa nimekusudia hata kuusafisha utoke.

Kompyuta imeanza kulemewa kufikia treki ya nane. Sio diski, nilihesabu, treki moja ya 24 biti kwa 48,000 ni KB 144 kwa sekunde, hata 14 kwa pamoja hazifiki MB 2.1 kwa sekunde, hard disk ya kawaida inamudu. Inayolemewa ni prosesa, kwa sababu ya plagini, vile vijiprogramu vya ndani vya kuongeza mwangwi na mengineyo. Dawa yake ni kugandisha treki, unaiambia programu hii nimeridhika nayo ichape na mwangwi wake iwe faili moja, mzigo unashuka, ukitaka kubadili unaiyeyusha. Na siku ya kurekodi nazima plagini zote isipokuwa ule mwangwi mmoja wa kwenye hedifoni.

Nafasi: dakika moja ya treki moja ni MB 8.6. Wimbo wa dakika saba wenye treki 14 ni kama MB 850, na tunarudia mara tatu tatu, nyimbo sita zitakula GB 15 hivi. Nilidhani nitahitaji diski mpya, kumbe sihitaji.

20 Aprili

Leo tumebishana mimi na mjomba, kwa adabu. Reaper ya 7 ina kitu kizuri sana, unarekodi mara tatu zinajipanga kama ngazi, halafu unapitisha panya juu ya vipande bora, mstari huu kutoka mara ya kwanza, ule kutoka ya tatu, inakuunganishia sauti moja safi. Nilimfanyia kwenye ubeti wa pili bila kumwambia nikampigia asikie.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu hakuvuta pumzi." Kweli, nilipounganisha nilikata pumzi yake kati ya mistari miwili.

Akanisimulia walivyokuwa wakirekodi nyimbo za bendi Radio Tanzania Dar es Salaam, wanapanda basi usiku na vyombo, wanafika Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere, wanaingia wote chumba kimoja, fundi mitambo anasogeza huyu mbele yule nyuma mpaka maiki imkubali kila mtu, na ukikosea mmoja mnaanza wote upya. Sio kwamba analilia shida ile, alisema wazi angekuwa na hii kompyuta asingelala. Ila kwake wimbo ni pumzi ya mtu mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na anataka isikike hivyo.

Tumekubaliana hivi: sauti kuu tunachukua mara moja bora, nzima, na kosa dogo linabaki. Kwa waitikiaji nimeruhusiwa kuunganisha. Na mimi baada ya kusikiliza usiku peke yangu naona yupo sahihi, ile ya kwanza yenye kosa kwenye neno moja ina kitu ambacho niliyoiunganisha haina.

3 Mei

Nimelipia leseni leo, kabla ya siku 60 kuisha, kwa kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kwenye simu. Wamenitumia faili dogo la ufunguo kwenye barua pepe, nimelihifadhi sehemu tatu.

Na nimeanza utaratibu wa akiba kwa sababu ya ile habari ya Cakewalk. Kila wimbo ukifika mahali, natoa kila treki kama WAV kamili kuanzia sifuri mpaka mwisho, hata kama mpigaji ameingia dakika ya tatu faili lake linaanza sifuri na ukimya. Ukiwa nazo hivyo, hata Reaper ikipotea kesho, mtu yeyote atazimwaga kwenye programu yoyote zikapangika zenyewe. Naziandika majina ya Kiswahili ya kueleweka, solo la kwanza, tumba kubwa, mguu wa mjomba. Nakala moja kwenye flashi anakaa nayo shangazi kabatini, nyingine kwenye diski ya kazini.

Yule prodyuza wa studio nimemtumia treki za wimbo wa kwanza aniambie anaonaje. Kazifungua kwenye FL yake bila shida. Amenipigia simu kuuliza kliki iko wapi, nikamwambia sikiliza faili la mguu. Baada ya saa moja akatuma ujumbe anaomba kuja Jumamosi, awepo tu wakati mzee anapiga. Nimemuuliza mjomba, amesema aje, ila aje na rafiki yake anayepiga trampeti kama anaye.

10 Mei

Hali ilivyo: wimbo wa kwanza treki 11 zimekamilika, wa pili treki 6, wa tatu mwongozo tu. Trampeti amekuja kweli, binti wa miaka 22, amejifunzia kwenye brass bendi, alisimama koridoni maana sebuleni sauti ilikuwa kubwa mno, maiki nimeiweka mita mbili kutoka alipo na mlango nusu wazi. Imekaa vizuri kuliko mwangwi wowote wa plagini niliojaribu. Saksafoni sijampata bado, mjomba amekumbuka mwenzake mmoja wa bendi yupo Tanga, namba yake tunaitafuta kupitia mtoto wake.

Wiki ijayo waitikiaji. Mzee amesema watakuwa watatu kwenye maiki moja na yeye ndiye atakayewapanga nani asimame wapi.